Simu Ikilia, Geuza

Soko la Kyela siku ya Jumamosi halina adabu. Unakanyagwa, unasukumwa na magunia ya mchele, na hakuna anayekuomba radhi. Katikati ya vurugu hiyo Ambwene alikuwa ameweka meza yake, kavaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kola ikasimama, anawaonyesha wakulima wa kakao programu ya simu aliyoitengeneza mwenyewe. Aliiita Vundika. Unachomeka kipimajoto kwenye sanduku la kuvundikia mbegu, simu inasoma joto na kukuita wakati wa kazi ukifika. Ilikuwa programu huria: ya bure, na yeyote mwenye ujuzi aliruhusiwa kuifungua mtandaoni na kupendekeza marekebisho. Ambwene alilipenda mno neno hilo, huria. Alilitamka kana kwamba yeye ndiye aliyelibuni.

Msichana mmoja alisimama mezani. Gauni la kitenge la njano, viatu mkononi kwa sababu ya matope, na kichwani vyungu vya mama yake kutoka Ikombe, kijiji cha wafinyanzi kando ya Ziwa Nyasa. Aliitwa Tusajigwe. Alikuwa amesoma kompyuta chuoni Mbeya, akarudi nyumbani bila ajira kama wenzake wengi. Aliokota karatasi ya mwongozo, akaisoma yote, akacheka.

"Kaka, karatasi yako inadanganya."

"Inadanganya nini, dada?"

"Inasema nibonyeze kitufe cha kijani. Kiko wapi?"

Ambwene akatazama simu. Kitufe hicho alikiondoa miezi minne nyuma.

"Watu wataelewa tu."

"Mimi nimesomea mambo haya miaka mitatu na sijaelewa. Mama yangu ataelewa?"

"Basi rekebisha wewe. Ni huria."

"Nitarekebisha. Ila chungu unanunua."

Alinunua viwili, akashinda navyo juani hana pa kuviweka.

Hivyo ndivyo mapenzi yalivyoanza, kwa msichana kusahihisha na mwanamume kutabasamu kwa sababu bado hakujamuuma. Tusajigwe aliuandika upya mwongozo wote kwa Kiswahili cha kueleweka. Kila asubuhi simu ilimwita.

"Mwandishi wangu, umeamkaje?"

"Vibaya. Umebadilisha tena ukurasa wa pili bila kuniambia."

"Nilisahau, mpenzi."

"Utasahau na jina langu."

"Jina lako nitalisahau nikishakuita mama fulani."

Barua ya posa ikaenda Ikombe, ikapokelewa. Harusi ikapangwa Desemba.

Kisha Ambwene akaifanyia Vundika badiliko kubwa. Zamani simu ilipolia, maana yake ilikuwa geuza mbegu, zifunike tena kwa majani ya mgomba. Sasa ilinyamaza siku zote za kuvundika na kulia mbegu zikishaiva, tena na tena mpaka zitolewe: toa, anika. Wiki ileile Tusajigwe akaandika mwongozo mpya na kuutuma. Kilichobaki ni Ambwene, mwenye mradi, kubonyeza mara moja kuupokea.

Hakubonyeza. Chini ya pendekezo lile kijana wa Dar es Salaam aitwaye Wilson alikuwa ameandika: "Huyu dada ndiye anayeibeba Vundika." Ambwene aliisoma sentensi hiyo mara kumi na moja. Kila Tusajigwe alipouliza, alijibiwa, "Nina kazi nyingi, mpenzi." Wiki sita zikapita. Wivu una aibu zake. Huu ulijificha nyuma ya kazi.

Katika wiki ya sita Tusajigwe alikwenda Ipyana, nyumbani kwa wakwe, kumsaidia wifi yake Marta kuanua mpunga. Ambwene alikuwa Mbeya kwenye mkutano. Akiwa uani, pua ikamwambia kabla ya macho: harufu kali ya kuoza. Kupitia migombani akamwona baba mkwe, mzee Asajile, kasimama kwenye sanduku la kakao na sepetu. Simu ikalia. Mzee akaitazama karatasi kuukuu aliyoigongomea ukutani, akageuza mbegu, akazifunika tena.

Yalikuwa mavuno yake yote ya msimu, na mengine hakuwa nayo.

Lakini mkamwana wa Kinyakyusa, hata aliye mchumba tu, hamsemeshi baba mkwe. Hamtazami. Akikutana naye njiani hujifunika na kuingia shambani. Vijana wa mjini huucheka mwiko huu. Mzee Asajile aliushika sawasawa na Biblia yake.

Tusajigwe alimpigia Ambwene.

"Mwambie baba azitoe mbegu leo. Anafuata karatasi ya zamani."

"Nimpigie nimwambie nini? Kwamba karatasi niliyompa kwa mkono wangu ni ya uongo?"

"Ndiyo!"

"Usinifundishe namna ya kuongea na baba yangu." Akakata.

Tusajigwe akamgeukia Marta. Marta akabinua mdomo. "Baba aache karatasi ya mwanawe kwa maneno yako? Mimi simo."

Basi Tusajigwe akatoka migombani, uso wazi, akasimama mbele ya mzee. "Baba, karatasi hiyo imepitwa na wakati. Simu ikilia sasa, ni kutoa na kuanika."

Sepetu ikaanguka. Mzee akageukia ukuta, akabaki hivyo mpaka msichana alipoondoka. Sanduku lile hakuligusa tena. Mbegu ambazo huenda nusu yake ingepona zikaozea mlemle, na kabla ya Jumapili kanisa zima lilikuwa na habari.

"Umemvua baba nguo!" Ambwene alifoka simuni.

"Nani alimpa uongo wa kugongomea ukutani?"

Majuma matatu hawakusemezana. Asubuhi moja mtumbwi kutoka Matema ukatia nanga Ikombe, akashuka Ambwene, amekonda, suruali imelowa mpaka magotini. Tusajigwe alikuwa akifinyanga. Alipomwona, chungu kikamponyoka. Wakakumbatiana, shati jeupe likapata alama za vidole kumi.

"Nimeupokea mwongozo wako jana. Nilikuwa mpumbavu. Nisamehe, mama." Akatoa pete, akamtia mkononi.

Moyo ulimlainika Tusajigwe, tusidanganyane. Aliitaka pete ile kuliko kitu chochote. "Jambo moja tu. Mpigie baba sasa hivi, nisikie. Mwambie ukweli."

Ambwene akapiga, akaweka spika ili wote wasikie.

"Ugonile, baba," akamsalimu kwa Kinyakyusa.

"Ndaga. Uko wapi?"

"Ikombe. Baba, ile karatasi... ilikuwa imepitwa na wakati."

"Kosa la nani?"

Ambwene akamtazama mchumba wake. Tusajigwe akamwitikia kwa kichwa kumtia moyo.

"Lake, baba. Yeye ndiye anayeshughulika na mwongozo."

"Nilijua," mzee akasema, na simu ikakatika.

Ambwene akamshika mkono haraka. "Ni maneno tu, mpenzi. Mzee atapoa, tutaoana. Mimi na wewe si tunaujua ukweli?"

Tusajigwe alimpenda hata dakika hiyo, na hicho ndicho kilichomtia hasira zaidi. Aliirudisha pete kwenye kiganja cha Ambwene, akakifunga kidole kwa kidole, kisha akamwita mwenye mtumbwi asiende.

"Na Vundika?" Ambwene akauliza akiwa majini. "Mwongozo nani atauandika?"

"Tafuta mtu asiyemwogopa baba yake," alisema Tusajigwe, akachukua udongo mwingine.