Milimita Mbili za Wivu

Jumamosi soko la Porto Alegre lilifurika watu, lakini macho ya Iracema yalimwangukia mmoja tu: Otávio wake, kwenye kibanda cha majani ya mate, ile chai chungu ya huko inayonywewa kwa kibuyu, akinywa kutoka kibuyu cha Wanda, injinia mpya wa karakana yao. Gauni la kijani lilimkaa Wanda vizuri kupita kiasi. Kuchangia kibuyu si kosa. Lakini kwao mtu akitosheka husema asante, na Otávio alirudisha kibuyu mara tatu, kimya, ishara ya kutaka kujaziwa tena.

"Leo una kiu kweli," Iracema alimwambia.

"Mpenzi, tulikuwa tunaongea mambo ya mota."

"Na mota yenyewe imependeza."

Jumatatu wageni kutoka shirika la reli walikuwa wanakuja kuijaribu mota ya Wanda, ile iliyonyooka kama reli, isiyozunguka bali inayosukuma behewa mbele. Wanda aliifanya pana kuliko za kawaida, na kati ya koili na sumaku akaacha pengo la milimita tatu tu. Iracema, fundi aliyezisuka koili zile, alijua kuwa pengo likizidi kidogo, nguvu hupungua sana. Basi akawahi asubuhi kabla ya wenzake, akachomeka washa, vile vipete vyembamba vya chuma, kwenye vishikizo vya mota. Pengo likawa milimita tano. Wivu ulikuwa umemlevya.

Msukumo uliotakiwa ulikuwa nyutoni mia tisa. Mbele ya wageni, mota ikatoa mia sita na hamsini.

"Shida ni koili," Wanda alisema, jasho likimtoka.

"Koili kasuka Iracema," Otávio akamkatiza. "Miaka minne sijawahi kupima kazi yake, na leo sianzi. Tuangalie pengo."

Alipima mwenyewe. Akaziona washa. Akamtazama Iracema, kisha akawageukia wageni. "Samahani, kosa ni langu. Nilifunga vibaya."

Iracema alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Anadanganya," akasema. "Ni mimi. Niliona wivu."

Washa zikatolewa, mota ikafika mia tisa na ishirini, Wanda akapigiwa makofi. Otávio aliondoka bila kuaga.

Jioni akapiga simu.

"Mimi na Wanda hatuna lolote. Ungeniuliza tu."

"Niliogopa jibu. Bado unanipenda?"

"Nakupenda, ndiyo maana nimepiga. Lakini kuanzia kesho, kazi yako nitakuwa naipima."

Iracema akasema sawa. Alipokata simu, akalia.