Kadi Isiyo na Njiwa

Asubuhi, kabla jua halijawa kali, Salvina aliteka maji ndoo mbili, akafagia uwanja, kisha akamfuata dada yake Anisia shambani kuchuma pamba. Shule zilikuwa zimefungwa. Mwezi ule wa Juni, katika kijiji chao karibu na Runzewe, kila nyumba ilijaa pamba mpaka vyumbani. Hata Salvina alilala akiwa amebanwa na magunia.

Mama yao alifariki Salvina akiwa na miaka minane. Tangu hapo Anisia ndiye aliyemsuka nywele, akampikia uji na kumgombeza alipostahili. Sasa Anisia alikuwa anaolewa. Padri alikwisha kupanga siku: Jumamosi ya mwisho ya Agosti.

Siku hiyo waliporudi kutoka shambani, baba yao, Mzee Cornel, alimwita Salvina. Barua zote za nyumba ile ziliandikwa na kusomwa na Salvina, maana mwandiko wake ulisifiwa mpaka na mwalimu mkuu.

"Andika barua ya kuagiza kadi kwa mpiga chapa wa Mwanza," baba alisema. "Basi la Alhamisi likipita, mpe kondakta aitie posta Kahama."

"Mapema hivyo, Baba? Arusi si Agosti?"

"Andika tu, mwanangu. Kadi zina safari ndefu."

Salvina akaandika. Lakini moyoni alikuwa na lake. Rafiki yake Justa alimsimulia juu ya kadi ya arusi ya binamu yake: ina njiwa wawili wa rangi ya dhahabu, wameshikilia utepe mdomoni. Jamani, njiwa wa dhahabu! Justa alikuwa amekwenda Geita kwa shangazi yake, na aliahidi kurudi na kadi hiyo baada ya wiki moja. Salvina alitaka kuitia ndani ya bahasha ili mpiga chapa aige. Dada yake alistahili kadi nzuri kuliko zote.

Basi, Alhamisi ilipofika, barua ilibaki ndani ya daftari lake la jiografia.

"Barua imekwenda?" baba aliuliza jioni.

"Imekwenda, Baba."

Jibu lilimtoka upesi hata yeye mwenyewe akashtuka. Alijifariji kwamba wiki moja si kitu. Wiki ikapita, Justa hakurudi. Alhamisi ya pili ikapita, na ya tatu. Agosti bado iko mbali, alijiambia, na kila aliposikia honi ya basi alijifanya ana kazi jikoni. Ile barua ilianza kumnyima raha. Kila siku iliyopita ilizidi kuwa vigumu kusema kweli.

Jumatano moja, Julai ikiwa imevuka katikati, baba alikuja na barua kutoka Isaka. Ilikuwa ya Mjomba Athanas, kaka wa marehemu mama yao, aliyefanya kazi ya kupakia mizigo stesheni. Kwao, bibi arusi hatoki nyumbani mpaka ndugu wa upande wa mama amshike mkono na kumtoa mlangoni. Na upande ule alikuwa amebaki Mjomba Athanas peke yake.

"Tusomee," baba alisema. Anisia akaacha kuchambua mchicha, akasogea.

Salvina akasoma: "'Shemeji, salamu nyingi. Mpaka leo sijaiona kadi. Kama ujuavyo, bwana mkubwa wetu anapanga zamu za Agosti tarehe thelathini na moja Julai. Hataki maneno matupu, anataka aione kadi kwa macho yake. Nisipomwonyesha kadi kabla ya siku hiyo, sitapata ruhusa...'"

Akaacha kusoma, akaishusha karatasi.

"Wala usihofu," baba alisema. "Kadi zimeagizwa mwezi mzima sasa. Wakati wowote zitafika."

"Baba..." Salvina alianza, machozi yakamtangulia. "Hazijaagizwa. Barua ninayo mimi."

Akaenda kuitoa daftarini. Akaeleza yote: njiwa, Justa, zile Alhamisi, na uongo aliousema. Baba aliipokea bahasha, akaigeuza huku na huku.

Anisia alisema kwa sauti ndogo, "Sasa nani atanishika mkono, Salvina? Mama hayupo. Na mjomba naye asiwepo?"

"Nilitaka iwe nzuri, Dada. Nilitaka iwe yako tu."

"Ningeolewa hata kwa kadi ya karatasi ya daftari, mdogo wangu."

Baba akasimama, akachukua kofia yake. "Vaa kandambili zako. Twende kwa Mwalimu Marcel."

Mwalimu Marcel alikuwa katekista wa kigango chao, kanisa dogo la kijijini. Salvina alimwamkia kwa shida, "Shikamoo, Mwalimu," kisha baba akamwamuru asimulie mwenyewe. Alipomaliza, Mwalimu Marcel akatungua kalenda ya kanisa ukutani.

"Wewe ulihesabu kuanzia leo kwenda mbele, ndiyo maana uliona siku ni nyingi," alisema. "Hesabu kutoka mwisho kurudi nyuma. Zamu za mjomba zinapangwa lini?"

"Tarehe thelathini na moja, Jumapili."

"Basi kadi iwe Isaka kabla yake. Kutoka hapa kwenda Isaka ni wiki moja, na kutoka Mwanza kuja hapa ni wiki moja. Kuchapa, wiki tatu. Barua kufika Mwanza, wiki nyingine. Rudi nyuma wiki sita."

Salvina akapitisha kidole juu ya kalenda, juma kwa juma. Kikasimama katikati ya Juni, kwenye Alhamisi ile ile ya kwanza. Akaona aibu. Baba yake, ambaye hakusoma, alikuwa ameipiga hesabu hiyo kichwani bila kalenda.

"Ya Mwanza haiwezekani tena," alisema Mwalimu Marcel. "Lakini ninayo mashine ya kurudufu, ile tunayotolea nyimbo za Pasaka. Imebaki stensili moja, ile karatasi ya nta ya kuandikia. Kaa hapa, uandike. Ukikosea hakuna nyingine."

Salvina akakaa. Alishika kalamu ya chuma, akaandika herufi moja baada ya nyingine, ulimi ameubana kwa meno. Jua lilipokaribia kuzama, kadi sitini zilikuwa zimeanikwa kwenye mabenchi ya kigango, wino mweusi, bila ua wala njiwa. Ya Mjomba Athanas ilipigwa mhuri wa kigango. Kesho yake Salvina alikuwa barabarani saa nzima kabla ya basi, na kondakta akaahidi kuikabidhi kwa basi la Isaka. Kadi nyingine alizisambaza kwa miguu, nyumba kwa nyumba, mpaka kandambili zikakatika.

Lakini jibu kutoka Isaka halikuja. Siku ya arusi ikafika. Anisia alikuwa tayari chumbani, vigelegele vinasikika nje, na mlangoni hapakuwa na mtu wa kumtoa. Salvina alisimama njiani, macho kwenye vumbi.

Lori la pamba likasimama. Akashuka mtu mrefu mwenye koti la stesheni.

"Shikamoo, Mjomba!" Salvina alipiga kelele, akamkimbilia.

"Marahaba, mwanangu! Lori letu liliharibika njiani. Dada yako hajatoka?"

Mjomba Athanas akaingia, na baada ya muda mfupi akatoka amemshika Anisia mkono. Watu wakashangilia, na Salvina akalia bila kujificha.

Justa naye alikuwapo. Alimvuta Salvina pembeni, akamtolea ile kadi ya njiwa wa dhahabu. "Samahani, nilichelewa kidogo."

Mjomba, ambaye baba alikuwa amekwisha kumsimulia yote, aliwaona. Akatoa mfukoni kadi yake, imekunjamana, imeandikwa na bwana mkubwa wake kwa kalamu nyekundu: *Apewe siku tatu*.

"Hii haina njiwa," alisema, "lakini ilifika kwa wakati, nami nikafika. Mjomba wako hakuitwa na pambo, Salvina. Aliitwa na mtu aliyesema kweli siku ambayo bado kweli ilifaa. Siku nyingine usingoje hivyo. Jambo la watu hesabu siku zake kutoka mwisho, na ukikosea, sema siku hiyo hiyo."

"Nimesikia, Mjomba."

"Haya, kampe baba yako maji. Amesimama tangu asubuhi."

Salvina akakimbilia mtungini.