Kidonge Kabla ya Maumivu

Kila siku saa nne asubuhi, cherehani zote kumi na moja za karakana ile zilinyamaza kwa pamoja. Ilikuwa saa ya chai. Mafundi walinyoosha migongo, wakapukuta nyuzi kwenye nguo zao, wakaenda kwenye meza ndogo ya pembeni. Juu ya meza hiyo palikuwa na birika, vikombe, sukari, na kopo la bati lenye vidonge vya maumivu.

Kopo lile lilikuwa desturi yao. Kila fundi alichukua vidonge viwili akavishushia kwa chai, kichwa kiume kisiume. Aliyechukua vya mwisho ndiye aliyenunua vingine. "Kinga ni bora kuliko tiba," walisema, na mjadala ukafungwa.

Aliyeanzisha desturi hiyo ni Rula. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu hakuwahi kutoka nje ya mstari wa chaki. Yeye alikuwa mkataji. Kitambaa kilitandazwa juu ya meza ndefu, tabaka juu ya tabaka, mpaka arobaini. Rula alichora, kisha akapitisha mashine ya kukatia, na mikono ya mashati arobaini ikatoka kwa mpigo mmoja. Mkataji akikosea, hakosei shati moja.

Wenzake hawakujua kwamba vile viwili vya chai havikuwa vya kwanza kwa Rula. Alikuwa amekwisha kumeza viwili alfajiri, kabla hajavaa viatu. Saa tisa alasiri angemeza vingine. Alivinunua katika maduka matatu tofauti, ili muuzaji yeyote asimzoee. Tangu ujana kichwa kilimsumbua mara moja au mbili kwa mwezi. Mwaka ule kilikuwa kimehamia kabisa, kama mgeni asiyejua kuaga.

Siku za kawaida kiliuma kidogo kidogo. Siku mbaya kilidunda nyuma ya jicho la kushoto. Mwanga ulimchoma, sauti za cherehani zilimpiga, na tumbo lilichafuka. Hapo Rula alikwenda chooni, akatapika, akanawa uso, akarudi mezani akijikaza kisabuni. Hakumwambia mtu. Mwanamume mzima atalalamikaje kwamba anaumwa kichwa?

Jumatatu moja, siku mbaya ilimkuta katikati ya kazi ya sare za shule. Alikata mikono arobaini ikawa mifupi kwa vidole viwili.

Bosi wao, mama mwenye miwani aliyeijenga karakana ile kutoka cherehani moja, aliinua mkono mmoja wa shati akautazama.

"Rula, nini hiki?"

"Chaki ilikuwa hafifu, bosi."

"Chaki? Chaki ileile uliyoitumia miaka tisa?" Alimtazama macho, yaliyokuwa mekundu. "Sikiliza. Kosa moja nitalimeza. Likija la pili, mashine hii ataishika Pindo."

Pindo alikuwa binti aliyefundishwa na Rula mwenyewe. Alikuwa msikivu, na mkono wake ulikuwa mzuri. Rula alikuwa akimsifu kila mahali. Lakini siku ile alimtazama kwa jicho baya, kisha akajionea aibu. Ile mashine ndiyo iliyomfanya aitwe Rula. Bila hiyo, alijiona si kitu.

Jumatano, saa ya chai, muuguzi kutoka kituo cha afya cha jirani alifika kuchukua sare za wenzake. Aliwakuta mafundi wamelizunguka kopo.

"Naona hapa chai inanywewa kwa vidonge badala ya mkate," alisema. "Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa, dada," alijibu mpiga pasi, mama mcheshi asiyekosa neno. "Hii ni kinga."

"Kinga ya nini?"

"Ya kichwa."

"Dawa ya maumivu si kinga," alisema muuguzi. "Tena ukiimeza siku nyingi mfululizo, inaweza kukuletea hichohicho kichwa unachokikimbia. Na kuna nyingine zinaumiza tumbo na figo."

Mpiga pasi akacheka. "Haya! Kumbe zimamoto ndiyo inayochoma nyumba!"

Wote wakacheka, hata muuguzi. Rula peke yake hakucheka. Muuguzi aliliona hilo. Alipokuwa akibeba mfuko wake wa sare, alipita karibu naye akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, Ijumaa daktari wetu yupo. Njoo. Uje na hesabu ya vidonge vyote unavyomeza kwa mwezi. Usipunguze hata kimoja."

Jioni ile Rula alimsimulia mkewe kama mzaha. Mkewe alikuwa akikunja nguo. Hakutabasamu. Aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na mfuko wa plastiki. Akaumimina kitandani. Yalitoka maganda matupu ya vidonge, mengi, yakametameta.

"Nimeyatoa kwenye mifuko ya suruali zako wakati wa kufua," alisema. "Haya ni ya mwezi huu tu."

"Ulikuwa unayaweka ya nini?"

"Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe, baba watoto. Nimesubiri mpaka nimechoka. Watoto wamejifunza kunong'ona kama wako msibani. Unadhani hatuoni?"

Rula alikaa kitandani kati ya yale maganda. Akaanza kuyahesabu, machozi yakiwa karibu.

Ijumaa walikwenda wote wawili. Daktari alimpima shinikizo la damu, akamwangalia macho na shingo, akamjaribu nguvu za mikono na miguu. Akaandika dawa, kisha akawaacha na yule muuguzi awaeleze bila haraka.

"Kwa hesabu yako, unameza vidonge siku thelathini kati ya thelathini," alisema muuguzi. "Umesema kweli, na hiyo ni nusu ya tiba. Sasa niambie, kwenu nani mwingine alikuwa akiumwa kichwa?"

Rula alifikiri. "Mama. Alikuwa anafunga kitambaa kichwani, anajifungia chumbani, hataki mtu amsemeshe. Sisi tulisema mama amenuna."

Alipolitamka hilo, alielewa. Marehemu mama yake alikuwa mgonjwa miaka yote ile, nao walikuwa wakimcheka mlangoni. Ilimuuma kuliko kichwa.

"Hamkujua," alisema muuguzi. "Ugonjwa huu unaitwa kipandauso. Mara nyingi unarithiwa. Mishipa ya fahamu ya kichwa inakuwa nyepesi kushtuka. Watafiti wamegundua kwamba ikishtuka, inatoa kemikali inayochochea maumivu. Zimetengenezwa dawa mpya za kuizuia kemikali hiyo. Bado ni ghali, na hazijafika kila mahali. Lakini utafiti huo umetufunza jambo kubwa: huu ni ugonjwa wa kweli. Si uvivu, si kununa, wala si kurogwa."

"Basi kwa nini zamani kilikuja mara moja kwa mwezi, na sasa ni kila siku?" aliuliza mke.

"Kwa sababu ya vidonge, mama. Mtu mwenye kipandauso akimeza dawa za kawaida za maumivu siku kumi na tano au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, kichwa kinazizoea. Dawa ikipungua mwilini, kichwa kinadai. Anameza, kinatulia, kinadai tena. Zile kali zaidi, au zilizochanganywa, hata siku kumi kwa mwezi zinatosha kuleta balaa. Ukitaka usalama, zisizidi siku mbili kwa wiki."

"Nami nilidhani naziba ufa," alisema Rula.

"Ulikuwa unaupanua. Kinga ya kweli ipo. Ni hiki kidonge alichoandika daktari, kimoja kila jioni. Hiki si cha maumivu. Kinafanya kazi polepole, hata wiki sita au nane, kwa hiyo usikikatie tamaa. Vile vingine vya maumivu acha kuanzia leo. Lakini nisikudanganye: kichwa kitazidi kwanza. Siku mbili, siku kumi, kwa wengine hata wiki nne. Kisha kitaanza kulegea."

Rula alishtuka. "Wiki hizo ndizo za sare za shule! Shule zinafunguliwa mwisho wa mwezi."

"Utaweza kukata huku unatapika?"

Rula alikunja karatasi ya dawa akaitia mfukoni.

"Na tutajuaje kama si kitu kibaya zaidi?" aliuliza mkewe.

"Swali zuri. Kichwa kikimpasua ghafla kuliko vyote alivyowahi kuumwa, kimbieni hospitali. Vilevile kikija na homa na shingo kukakamaa, au ulimi mzito, au mkono kulegea, au kuchanganyikiwa, au baada ya kugonga kichwa. Mwenye umri wa zaidi ya miaka hamsini akianza kuumwa kichwa asichokijua, au mjamzito, naye asikae nyumbani. Hapo hakuna cha kusubiri kesho."

Aliwapa kalenda. Kila siku ya kichwa, Rula angeandika. Kila siku ya dawa, angeandika. Angeandika pia dalili za mwanzo. "Wengine hupiga miayo, shingo hukaza, hutamani vitu vitamu," alisema muuguzi. "Zamani tulilaumu utamu. Sasa utafiti unaonyesha kwamba mara nyingi kipandauso chenyewe kimekwisha kuanza. Ukizijua dalili zako, unakiwahi."

Kesho yake Rula alisimama mbele ya meza ya bosi. Alijua anachokwenda kusema kingeweza kumtoa mezani kwa mdomo wake mwenyewe. Lakini alikuwa amekumbuka mlango wa mama yake, na hakutaka watoto wake wasimame nje ya mlango kama huo.

Alieleza yote: vidonge vya alfajiri, maduka matatu, kutapika chooni. Akamalizia, "Naomba Pindo ashike mashine mpaka nitakapotulia. Mimi nitachora nikiweza."

Bosi alivua miwani. "Kwa hiyo huku kutapika asubuhi, na macho mekundu, na kushika ukuta ukitembea, yote ni kichwa?"

"Ni kichwa, bosi."

"Loo! Mimi nilidhani ni pombe." Alitikisa kichwa. "Nimekuvizia miezi mitatu nikunuse, sikupata harufu. Nikasema huyu anajua kuficha. Mwanangu, mlevi ningemtoa mezani. Mgonjwa anajitibu, Pindo anamshikia, kisha anarudi. Kwa nini hukusema?"

Rula alicheka, mara ya kwanza wiki ile. Alikuwa ameficha ugonjwa ili asidharauliwe, kumbe amevishwa jina la mlevi.

Siku zilizofuata hazikuwa za kucheka. Siku ya tatu alilala chumba kikiwa giza, na beseni pembeni. Siku ya nne alimwomba mkewe kidonge kimoja tu, akamwita kwa majina yote mazuri aliyowahi kumwita tangu uchumba.

"Hayo majina niyasikie pia ukiwa mzima," alisema mkewe. Akamletea kitambaa cha baridi, maji, na dawa ya kuzuia kutapika aliyopewa kituoni. Kidonge cha maumivu hakumpa. Siku ya sita muuguzi alipita kumwangalia. Siku ya kumi na moja Rula aliamka, akakaa kitandani, akasubiri. Kichwa hakikuuma. Aliogopa hata kusogea.

Ugonjwa haukufutika kama doa lililofuliwa. Kipandauso hakiondoki hivyo. Lakini kalenda ilisema. Mwezi wa kwanza, siku kumi na tisa za kichwa. Wa pili, tisa. Wa nne, tatu. Alijifunza kulala saa zilezile, kula kwa wakati, na kunywa maji ya kutosha. Pale karakana, kopo la bati bosi alilijaza vifungo. Mpiga pasi alilalamika siku mbili, kisha akakiri kwamba hata yeye alikuwa akiamka na kichwa kila siku. Akaenda kituoni mwenyewe, bila kusukumwa.

Alhamisi moja ya mwezi wa tano wa tiba, Rula alikuwa katikati ya tabaka arobaini za kitambaa cha kijani. Akapiga mwayo. Akapiga wa pili. Shingo ikaanza kukaza upande wa kushoto. Zamani angeng'ang'ana mpaka mstari upindike. Safari hii alizima mashine.

"Pindo," aliita, kwa sauti ambayo karakana nzima iliisikia, "kipandauso kimeanza. Shika hapa."

Alimeza dawa ya maumivu, ambayo sasa kituo kilimruhusu kwa siku chache tu, ya kwanza kwa siku kumi na mbili. Akaingia stoo, akavuta pazia, akalala juu ya marobota ya vitambaa. Nje alisikia mashine ikipita kwenye kitambaa, taratibu, bila kusita. Sauti hiyo ndiyo aliyokuwa akiiogopa kuliko zote. Usingizi ukamchukua akiwa anaisikiliza.

Aliamka baada ya saa moja na nusu. Maumivu yalikuwa yamepita, umebaki uchovu tu. Alipotoka, Pindo alirudi nyuma hatua moja amwachie nafasi yake. Rula aliinama, akapitisha kidole ukingoni mwa tabaka zote arobaini. Hazikupishana hata kwa uzi.

"Malizia," alimwambia. "Mimi nachora zinazofuata."

Akachukua chaki, akaenda upande wa pili wa meza. Bosi alipita na daftari lake. Hakumuuliza alikuwa wapi. Wote walijua.