Usisimame Mchangani

Siku ile nilitoka kwa mama mkwe saa kumi na moja jioni kumpeleka mwanangu hospitali. Basi. Sikwenda kutafuta makuu wala kumchokoza mtu.

Mwanangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Joto lilimwanza asubuhi. Mchana akakataa kunyonya. Alasiri macho yakageuka meupe, mwili ukakakamaa, kisha ukalegea kama nguo iliyolowa. Mganga wa zahanati ya pale mwaloni, penye soko la samaki ufukweni, alikuwa ameishiwa dawa. Aliniandikia karatasi, akanipa na chupa yake mwenyewe ya maji ya kunywa.

"Wahi, mama," alisema. "Afike kabla ya usiku."

Lakini mvua zilikuwa zimebomoa daraja la barabara ya hospitali. Njia iliyobaki ilikuwa ufukweni, juu ya mchanga wa ziwa, kama kilomita sita, na mchanga ule hupitwa tu na gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Mwaloni pote gari la namna hiyo lilikuwa moja, Land Cruiser chakavu la Marwa, Mkurya mnunuzi wa dagaa. Sote tulimwita Baba Bhoke.

Tulimkuta anakula. Aliacha ugali, akanawa, akaanza kushusha magunia yake ya dagaa kabla sijamaliza kueleza. Mambo kama hayo mimi huwa siyasahau.

Mama mkwe wangu, Apolonia, alinifunika kanga mabegani, kisha akasogea dirishani kwa dereva.

"Baba Bhoke, pale kwenye matete... unapajua."

"Napajua, mama."

"Usisimame."

"Mama, mchanga wote ule hausimamwi. Nisimame kuna nini, harusi?"

Alicheka peke yake.

Tulipofika mwanzo wa mchanga alishuka, akatoa upepo kwenye matairi kwa kijiti cha kiberiti. Psss... psss... moja baada ya jingine.

"Tairi likilegea linakanyaga kama bata," aliniambia. "Likijaa upepo linajichimbia kaburi." Akazungusha vifungo vya magurudumu ya mbele kwa mkono, akapanda, akavuta kile kigiya kidogo. Gari likanguruma kwa sauti nzito.

"Sasa sikiliza, Mama Blessing. Huku hakuna breki, hakuna kukata kona, hakuna kusimama. Tukikwama halafu tukanasuka, mimi sisimami tena mpaka penye ardhi ngumu. Usije ukasema Mkurya amekukimbia."

Tulikwenda karibu na maji, mahali mchanga ulipolowa na kushikana. Jua lilikuwa limeshazama. Mwanangu alipumua haraka haraka, pua zikipanuka. Nilimhesabia pumzi. Sikuwa na jingine la kufanya.

Matete yakaonekana. Na mbele ya matete, mtu.

Alikuwa mwanamke, amelowa mwili mzima. Kanga aliifunga kifuani namna tunavyowafungia watoto, lakini ndani hamkuwa na mtoto. Hakutusimamisha. Aliinua mkono tu, kama mtu anayeitikia salamu.

"Usimtazame," Marwa alinong'ona.

"Ni mtu, Baba Bhoke. Kaloa. Na giza linaingia."

"Mama Blessing..."

"Mwanamke peke yake huku! Sisi tumebebwa, naye abebwe. Jamani, kwa Mungu!"

Aliniangalia, akamwangalia mtoto mapajani mwangu. Marwa ni mtu mwema, na mimi ndiye niliyeutumia wema wake vibaya.

Akaondoa mguu kwenye mafuta.

Gari lilizama palepale.

Alijaribu kwenda mbele, likashuka zaidi. Akajaribu kurudi nyuma, mchanga ukafika kwenye ekseli. Alishuka akilaani kwa Kikurya, akachukua koleo. Nami nikashuka na mtoto.

Yule mwanamke alikuwa ameshafika. Sikusikia hatua zake.

"Wadila, mayu," alinisalimu kwa Kisukuma, yaani za jioni, mama, kwa sauti ndogo.

Nikaitikia. Maji yalimchuruzika kutoka kwenye nywele... yakachuruzika... wala hayakuisha. Akanuka tope la chini ya ziwa, lile linalopanda na nanga.

Alipiga magoti, akachimbua mchanga mbele ya matairi kwa mikono mitupu, haraka kuliko koleo la Marwa. Akavunja matete, akayalaza chini ya magurudumu, moja moja, kwa utaratibu, kama anayetandika kitanda. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka hadi ukaonekana weupe wa mfupa. Damu haikutoka.

"Asante sana, dada," nilimwambia. Ilinitoka moyoni.

"Hata sisi tulikwama hapa," alisema.

Marwa hakumtazama hata mara moja. Alirudi kwenye usukani. "Mama Blessing, sukuma! Mimi nakanyaga!"

Nikatafuta pa kumweka mtoto; kitini peke yake angeanguka gari likirukaruka. Mwanamke akanyoosha mikono.

"Nimpokee?"

Kwetu mwanamke mwenye kazi hupokelewa mtoto. Hata msibani, hata sokoni kwa watu usiowajua. Hakuna anayefikiri mara mbili.

Nikampa.

Nilisukuma hadi mgongo ukalia. Gari likatikisika, likaguna, likapanda juu ya matete, likatoka! Likaenda, halikusimama, kama alivyosema. Nikakimbia nyuma ya zile taa nyekundu nikicheka na kulia. Nilijua yule dada anakimbia ubavuni mwangu. Kwa nini asikimbie?

Mbele kidogo Marwa alisimama penye ardhi ngumu. Nikafika nikihema.

"Mtoto yuko wapi?" aliuliza.

Nikageuka.

Ufukwe ulikuwa mtupu.

Kisha nikasikia mtu anabembeleza mtoto. Mmh... mmh... mmh... Sauti ilitoka majini.

Alisimama maji yakiwa kiunoni, mwanangu kifuani pake. Niliingia na nguo zangu. Nyuma yangu nilimsikia Marwa akiita, kisha akiomba Mungu.

"Dada, nipe mwanangu."

"Huyu analia kidogo," alinong'ona. "Wangu hakulia kabisa."

"Pole, dada. Pole sana. Nipe, tafadhali."

"Wewe wanakuitaje?"

"Mama Blessing."

Alilirudia taratibu, kama mtu anayelamba sukari. "Mama Blessing... Mimi hawakuniita kitu. Walinizika pale kwenye matete, wakasema, yule mama. Yule mama tu."

Akarudi nyuma hatua moja. Maji yakamfika kifuani. Miguu ya mwanangu ikagusa maji.

Sikufikiri.

"Chukua," nilisema. "Lichukue jina. Uitwe wewe. Mimi nipe mtoto."

Akasimama.

"Kweli?"

Aliuliza kama mtoto aliyepewa nguo ya sikukuu. Nilimwonea huruma hata pale, Mungu ananijua.

"Kweli... Mama Blessing."

Alimfuta mwanangu uso, akamweka mikononi mwangu kwa uangalifu, akishika kichwa. "Asante, mayu." Kisha mbele yangu yakabaki maji.

Mwanangu alikuwa wa baridi. Joto lote lilikuwa limekwisha. Hospitali nesi alimpima mara tatu, akatazama kipimo, akanitazama mimi, akasema mtoto hana kitu. Marwa alikaa nasi kwenye benchi mpaka kukapambazuka, nguo zake zimejaa mchanga, na hakunilaumu kwa neno lolote.

Apolonia ndiye aliyenieleza. Miaka mitatu nyuma, gari lilimbeba mwanamke mgeni aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Likakwama kwenye matete. Akajifungulia humohumo. Wanaume wakaenda kutafuta kamba, upepo ukainua ziwa, waliporudi maji yalikuwa yamefika madirishani. Mama alipatikana. Kichanga, hapana. Aliyekufa maji haletwi nyumbani, huzikwa pale ziwa lilipomweka. Na kwa kuwa hakuna aliyejua ni mama wa nani, alizikwa hivyo hivyo.

"Wewe ulimpa nini?" aliniuliza.

"Jina."

Apolonia alifunika mdomo kwa kiganja.

"Jina la nani, mayu? Lako... au la mtoto?"



Nilihamia Buseresere, mbali na maji. Mwanangu sasa tunamwita Mariana, si Blessing tena. Anakula, anatembea, anacheka. Lakini hata akishinda juani mwili wake hauchukui joto. Nikimkumbatia ni kama nimekumbatia mtungi.

Mume wangu, Bujiku, anachimba dhahabu Segese. Nilimsimulia yote kwa simu. Alicheka. "Hayo ni maneno ya mwaloni. Jina la mwanangu nilichagua mwenyewe. Nitakuja kumwita mwenyewe."

Alikuja wiki iliyopita, magharibi. Nilikuwa mlangoni, mtoto mikononi. Nilimwona anaingia uani na begi begani, uso wote furaha. Nikainua mkono kumzuia asiliite lile jina.

"Mama Blessing!" aliita kwa sauti kubwa. "Mama Blessing, hodi!"

"Abee," iliitika sauti kutoka nyuma ya nyumba. Ndogo. Yenye furaha.

Kukaanza kunuka tope.

Bujiku alinitazama mimi, akatazama kule nyuma, kicheko kikamfia mdomoni. Nilimkaza mwanangu kifuani kwa nguvu zangu zote.

Naye mtoto akageuza kichwa kule sauti ilikotoka, akatabasamu, akanyoosha mikono abebwe.