Simu ya Marehemu Ilipowaka kwenye Televisheni

Nimeikuta simu ya marehemu mume wangu ndani ya kiatu cha mwanangu!

Simu ileile aliyoniapia kwamba ameitupa...

Nilikuwa navitoa viatu vyake nivianike. Cha kushoto kikawa kizito.

Wajukuu zangu wa humu, msiniulize nilijisikiaje. Sikujisikia kitu. Niliketi kitandani kwake, kiatu mkono huu, simu mkono huu, nikalisikiliza birika likichemka jikoni mpaka maji yakakauka.

Kabla sijaendelea... kitendawili!

(Nawasikia mnasema tega.)

Nina mlango mdogo kuliko ukucha wa mtoto. Nikiufunga, dunia nzima hainifikii.

Haya, fikirini taratibu huku mnanisikiliza.

Mume wangu alikuwa seremala. Miezi miwili iliyopita, asubuhi kweupe, alianguka peke yake kwenye karakana yake, simu mkononi. Aliyemkuta ni kifungua mimba wetu, huyu ninayekaa naye. Alisema alikuwa anapita tu.

Anapita! Na kazini kwake ni upande wa pili wa mji...

"Na simu ya baba yako iko wapi?"

"Ilipasuka, mama. Nimeitupa."

Hapo ndipo mfupa uliponikaa kooni. Mtu anayekufa na simu mkononi alikuwa anampigia nani?

Jibu nikajipa mwenyewe. Alimpigia mwanawe, na mwanawe hakupokea. Si ndiye yule wa "niko kikaoni mzee, nitakupigia"? Basi safari hii kikao kilimuua baba yake.

Nikaichomeka simu kwenye chaji. Ikatetemeka. Iko hai! Ila kioo cheusi tii kama masizi.

Nikaipeleka kwa fundi simu wa mtaani, tunamwita Mama Vioo.

"Bibi, kioo cha simu hii mpaka kiagizwe. Wiki mbili."

"Wiki mbili nitakuwa nimeshamfukuza mtu nyumbani."

"Televisheni unayo?"

"Ninayo."

"Basi picha tutaitolea huko. Wifi je?"

"Sina. Hata bando nanunua la kupimia kama chumvi."

"Haina haja. Tunataka waya tu."

"Waya ninao, mwanangu."

Waya huo aliununua mume wangu. Macho yangu yamechoka, basi akanifundisha kuchomeka simu yangu kwenye televisheni nitazame video ya mjukuu wetu akiimba kwenye mahafali ya chekechea, mtoto anaonekana mkubwa kama kabati! Tena akaniambia, "Kabla hujaanza, bonyeza hii alama ya kindege hapa juu, simu zisikukatizie uhondo." Ikawa ndiyo desturi yangu. Nikimaliza kufagia, nabonyeza, natazama.

Jumamosi nikazifunga nguo za mwanangu kwenye shuka. Bunda nikaliweka mlangoni. Nikamwita sebuleni.

"Kaa."

"Mama, hili bunda la nini?"

"Kaa kwanza."

Akamwona Mama Vioo anachomeka waya. Akaiona simu. Akaruka!

"Mama, usiifungue!"

"Kwa nini?"

"Nakuomba tu."

"Hata mwizi wa kuku huomba."

"Nakupigia magoti, mama!"

"Piga. Sakafu nimedeki."

Televisheni ikawaka...

Cha kwanza kutokea ni mimi. Nimesinzia kwenye kochi, mdomo wazi. Mzee alinipiga picha bila mimi kujua, akaiweka mbele ya simu yake aione kila siku. Mama Vioo akacheka, kisha akajikohoza.

Kwa kuwa kioo hakibonyezeki, alikuwa amechomeka kile kidude cha kompyuta, kipanya. Mshale ukatembea juu ya uso wangu.

"Nipeleke kwenye simu alizopiga siku ile."

Shule yangu iliishia la saba, lakini kusoma nasoma. Nikasimama, nikasoma kwa sauti ili mwanangu aisikie aibu yake.

"Saa nne na dakika saba... Mama Watoto."

"Saa nne na dakika nane... Mama Watoto."

"Saa nne na dakika tisa... Mama..."

Mama Watoto ni mimi.

Mara tisa, wajukuu zangu. Tisa! Zote sekunde sifuri.

Ya kumi, ya mwisho, ilikuwa ya mwanangu. Imepokelewa. Sekunde arobaini.

Lakini simu yangu haikulia siku ile. Haikuonyesha hata alama kwamba kuna mtu alinitafuta...

Nikautazama waya. Nikakumbuka.

Saa nne ile nilikuwa kwenye kochi hilihili, kindege nimekibonyeza, namtazama mtoto anaimba. Wimbo niliurudia mara tatu.

Mlango mdogo kuliko ukucha. Jibu ndilo hilo, kindege. Mji wenu bakini nao.

"Uliniambia ulikuwa unapita."

"Baba alinipigia, nikakimbia. Nilipofika... Kioo kilikuwa bado kinawaka kidogo, nikaiona orodha. Sikutaka uione."

"Si ungeifuta?"

"Nilishindwa, mama. Ni simu zake za mwisho."

"Alikuambia nini sekunde zote hizo?"

Akanyoosha mkono auchomoe waya.

"Nimekuuliza."

"Alisema... 'Kifua kinanibana, njoo. Mama yako hapatikani, atakuwa anamtazama mtoto. Usimwambie nilimtafuta. Atajilaumu.'"

Mama Vioo akachomoa kipanya chake, akatoka akinyata.

Sikulia. Nililifungua bunda, nikazikunja nguo moja moja, nikazirudisha kabatini. Mwanangu akashika pembe mbili za shuka, mimi mbili, tukalikunja, kama nilivyokuwa nalikunja na baba yake.

"Mama, sema kitu."

"Birika limetoboka," nikasema. "Jumatatu ulete jingine."

Wajukuu zangu, nyani haoni kundule. Nilimfungia mtoto wangu virago kwa kosa lililokuwa langu. Anayekuficha jambo si lazima awe anakuibia. Mwingine amekubebea mzigo usiouweza, na umemwelemea kimyakimya. Muulize kwanza. Virago havikimbii.

Video ya mtoto bado naitazama, kila saa nne. Waya ni uleule.

Ila kindege sikibonyezi tena. Simu ikiingia, mtoto anakatika katikati ya wimbo, mdomo wazi...

Nami napokea. Hata kama ni mtu amekosea namba.