Kikapu cha Mawe Mekundu

Asubuhi ile Mwanahawa alichota maji, akafagia uwanja, akawafungulia mbuzi. Kisha akachukua kikapu. Jembe la mama yake lilikuwa limevunjika, na baba alikuwa mbali Dodoma, akiwajengea Wajerumani reli. Kwao, kwenye vilima vya Kondoa, Mzee Abbasi mhunzi aliwasha tanuru mara moja tu kabla ya mvua. Kila nyumba iliyotaka jembe ilileta mawe yake.

"Usilete jiwe kwa sababu tu ni jekundu," mzee alikuwa amemwambia. "Kilemba cha jogoo wangu ni chekundu, na hakijawahi kutoa jembe. Lipime mkononi. Likiwa zito kuliko linavyoonekana, lisugue kwenye jiwe hili jeupe. Likiacha mstari kama damu iliyokauka, hilo lina chuma."

Jua lilikuwa kali mlimani, na mawe mazito yalikuwa machache. Kikapu hakijafika nusu, Mwanahawa akawasikia wenzake wakicheka mtoni. Basi akajaza mawe mepesi, akayapaka matope mekundu. Akajaribu moja: mstari ukatokea! Akaenda kuoga.

Jioni akafika kwa mhunzi. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umewahi kama uliyefukuzwa na fisi!" Mzee akamimina mawe kwenye chungu cha maji.

"Babu, unayapika?"

"Nayaosha. Mgeni hunawa kabla ya kula."

Maji yakawa mekundu. Mzee akasugua jiwe moja. Hakuna mstari. La pili, hakuna. Hassani, binamu yake Mwanahawa aliyekuwa akitengeneza mivukuto ya kupulizia moto wa tanuru, akaangua kicheko.

"Mwaka huu shangazi atalima kwa kucha!"

Machozi yakamlenga Mwanahawa. "Babu, niliyapaka matope. Tanuru unawasha lini?"

"Kesho jioni."

Kulipokucha tu, alikuwa mlimani. Safari hii kila jiwe aliliosha kwanza, ndipo akalisugua. Alirudi shingo ikimuuma kwa uzito. Mzee akasugua moja: mstari. Lingine: mstari. Hassani akampokea kikapu.

Mvua zilipoanza, mama alilipiga jembe jipya ardhini, likazama.

"Limekaa vizuri," akasema.

Mzee Abbasi, aliyekuwa akipita, akamkonyeza Mwanahawa. "Mimi ungeweza kunidanganya, macho yangu yamechoka. Lakini tanuru halidanganyiki, wala shamba. Kazi ya kweli, mjukuu wangu, hata ukiiosha, rangi haitoki."