Bastola Isiyo na Triga

Corinne Hatcher alikuwa akimimina kahawa kwenye maonyesho ya silaha pale Tulsa, Marekani, ukumbi umefurika kofia pana na viatu vya ngozi, mtu akamgonga kiwiko. Kahawa ikaruka, ikatua kwenye shati jeupe lililonyooshwa pasi, lenye vifungo vya lulu.

"Jamani! Samahani kaka!"

"Usijali, dada. Kahawa niliitaka, ila sikupanga kuivaa."

Wakacheka. Mwenye shati aliitwa Royce Tackett, fundi lifti wa maghorofa ya mjini, macho ya kijivu, sauti ya taratibu. Alikusanya bastola za kale, zile za silinda ya risasi sita, na si zozote tu. Alitaka zilizobadilishwa na wenyewe: mtutu uliokatwa, mpini uliochongwa upya kwa pembe ya ng'ombe.

"Kila alama ina mtu nyuma yake," alisema.

"Na mbele yake je?" Corinne aliuliza.

Royce alitabasamu. Akaomba namba ya simu.

Corinne alikuwa ameachika, ana binti wa miaka mitano, Maisie. Kahawa aliiuza mle kwa kuwa ndimo mlimojaa wateja, lakini kila mtutu uliomwelekea ulimkausha mate. Hata hivyo moyo hauombi ruhusa. Baada ya wiki mbili simu zilikuwa hazikauki.

"Asali, umekula?"

"Bamia za kukaanga. Wewe?"

"Nimekula mawazo yako."

"Basi utakonda, maana mawazo yenyewe machache!"

Siku ya kwanza kwenda kwake, Corinne alivaa gauni la maua ya manjano. Royce akafungua kabati la vioo, akamkabidhi bastola moja yenye nakshi. Corinne akaifungua, akaizungusha silinda, akachungulia tundu moja moja mpaka la sita, asije akakuta risasi. Ndivyo ilivyo kwa watu wa silaha. Aliyekupa ameangalia, na wewe uangalie. Hata padri akikupa, unaangalia.

Uso wa Royce ukaingia wingu.

"Nimeshaiangalia mimi, Corinne."

"Si ndivyo mnavyofundishana?"

"Kwa watu baki, sawa. Mimi ni mtu baki kwako?"

Corinne aliona haya, kana kwamba amempekua mfukoni. Akambusu shavu.

"Yaishe, mpenzi. Ila nyumbani kwangu kuna mikono midogo. Hiyo tu ndiyo naiogopa."

"Nitazifunga kufuli zote. Naapa."

Na kweli alizifunga. Kufuli la kubana triga, kile kidude cha kufyatulia, moja kwa kila bastola. Jumapili iliyofuata akaja kwa Corinne na mbavu za kuchoma, na kitu ndani ya kitambaa.

"Nimeipata jana maonyeshoni. Ilikuwa na kamba ya wakaguzi wa mlangoni, ile wanayoifunga wakishaona silaha haina risasi. Tazama, na kufuli hili hapa."

Mtutu wake ulikuwa umekatwa mfupi kama kidole. Royce akaiweka bastola katika kiganja cha Corinne, akamtazama usoni, akingoja. Vidole vya Corinne vilitaka kufungua. Vilimwasha. Lakini akakumbuka lile wingu, akajizuia. Mwenzangu, hapo ndipo alipokosea, na alikosea kwa mapenzi.

"Nzuri," alisema, akaiweka juu ya rafu ya sebuleni.

Royce akambusu paji la uso. "Unaona? Ndivyo wapendanao wanavyoishi."

Wakaingia jikoni kukata nyama, Maisie akabaki sebuleni. Royce alikuwa akimtania kuhusu kisu butu pale nyumba nzima ilipopasuka kwa mlio.

Corinne hakukumbuka alivyofika sebuleni. Maisie alikuwa juu ya kiti, mikono masikioni, bastola i sakafuni. Dirisha halikuwa na kioo.

"Mama, nimevuta kile kidude cha nyuma, kikaniponyoka."

Alimpapasa kichwa, kifua, tumbo, miguu. Akarudia tena. Hakuna damu. Royce aliiokota bastola. Kufuli lilikuwa palepale, limebana tundu tupu la kupitishia kidole. Bastola ile haikuwa na triga! Mwenyewe wa zamani aliing'oa. Ukivuta nyundo ya nyuma kwa kidole gumba ukaiachia, inalipuka. Royce alilijua hilo, na hasa ndilo lililomfanya ainunue. Na ndani mlikuwa mmeganda risasi moja kuukuu, ambayo mkaguzi hakuiona, wala Royce hakuitafuta, kwa kuwa aliiona kamba.

"Corinne, kufuli..."

"Toka."

"Mpenzi, nisikilize..."

"Nimesema toka, Royce!"

Simu ikalia wiki tatu bila kupokewa. Usiku Corinne alikuwa akiamka kusikiliza pumzi za mtoto. Mchana alimkumbuka yule mwanamume mpaka akalia juu ya vikombe. Wiki ya nne akapokea.

"Nimeziuza zote," Royce alisema. "Niruhusu nije."

Alikuja na shati lilelile, lenye doa la kahawa lisilotoka. Maisie alimrukia mlangoni, kisha akakimbilia nje. Royce akapiga goti, akafunua kijisanduku. Pete ikameta.

"Olewa nami, Corinne. Nimeuza thelathini na moja."

Machozi yalimjaa Corinne. "Zote kabisa?"

"Zote. Isipokuwa ya babu. Hiyo, asali, siwezi."

"Iko wapi?"

"Garini, chini ya kiti. Haina kitu, nimeiangalia mwenyewe."

"Na Maisie yuko wapi?"

"Ameniomba achezee usukani, nikam..."

Corinne alikuwa ameshampita. Mtoto alikuwa kwenye usukani akiunguruma kama gari, visigino vikibembea pembeni ya mpini mweusi wa bastola uliochomoza chini ya kiti. Akamng'oa. Kisha akainama, akaichukua bastola, akaifungua, akazungusha. Moja. Mbili. Mpaka sita. Tupu zote.

"Unaona?" Royce alisema kwa unyonge. "Nilikwambia."

"Naona. Na nakupenda, Royce, mpaka mbavu zinauma. Lakini nikiolewa nawe nitachungulia chini ya kila kiti mpaka nife. Nenda nayo."

Royce akakifunga kijisanduku cha pete, akaipokea bastola. Kisha gari likaondoka polepole. Maisie akapunga. Corinne naye akapunga, mkono wa pili umemkamata mtoto.

"Mama, unaniumiza."

Hakuulegeza.